Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Sura ya mtoto isiwe malipo ya msaada

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto jijini Mwanza, na nina ombi moja kwako. Toa waraka utakaozuia kampuni, taasisi na wafadhili binafsi kupiga na kusambaza picha zinazoonyesha sura za watoto wanaopokea misaada yao.

Sipingi misaada. Unga tunaosonga, sabuni, magodoro, taulo za kike za mabinti zetu, sehemu kubwa ya vitu hivyo imeletwa na kampuni, na wengi wa wanaovileta ni watu wenye huruma ya kweli. Nimewaona wafanyakazi wa benki wakivua viatu na kukaa mkekani na watoto hadi jua linazama. Mungu awazidishie. Kinachoniuma ni kile kinachofanyika baada ya mizigo kushushwa na kabla ya wageni kuondoka.

Watoto wanapangwa mistari, wadogo mbele. Wanavalishwa fulana zenye nembo. Mfano wa hundi unashikwa na meneja upande mmoja na mtoto upande wa pili. Mtoto mwingine anapewa kipaza sauti atoe neno la shukrani, na akitokwa machozi, kamera zote zinamgeukia yeye. Mgeni rasmi akichelewa, watoto wanasubiri juani, na chakula kinasubiri pia, kwa sababu picha ya kukabidhi haijapigwa. Usiku huohuo picha ziko mtandaoni, na chini yake pameandikwa "watoto yatima" pamoja na jina la kituo na mtaa kilipo.

Wengi wao si yatima, Mheshimiwa. Yupo ambaye mama yake ni mgonjwa, yupo ambaye baba yake yuko gerezani, yupo aliyeachwa kwa bibi ambaye nguvu zimemwishia. Na wapo walioletwa kwetu na polisi au ofisa ustawi wa jamii kwa sababu kuna mtu mzima aliyewatendea unyama. Mtoto wa namna hiyo hatakiwi kujulikana yuko wapi. Picha moja tu yenye sura yake na jina la kituo inatosha kumwelekeza mtu yule hadi getini kwetu.

Msichana mmoja tuliyemlea alipofika sekondari, wenzake waliikuta picha yake ya zamani akiwa amepiga magoti kupokea ndoo ya mafuta ya kula. Ikazunguka darasa zima. Alikataa kurudi shule, na ilituchukua muda mrefu kumbembeleza. Tuliiandikia kampuni ile tukiomba picha iondolewe. Tukajibiwa kwa lugha ya upole kwamba ilipigwa kwa idhini ya uongozi wa kituo.

Ni kweli, idhini ilitolewa. Nami nakuomba uitazame kwa makini idhini ya namna hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi. Sheria ni nzuri. Lakini kwenye kituo, anayetia saini ni mkuu wa kituo ambaye stoo yake ina debe moja la maharage, na anayemwomba saini ndiye mwenye lori la mchele nje. Atakataaje? Akikataa, lori litaenda kituo kingine, na mwakani hatapigiwa simu. Mtoto mwenyewe haulizwi kabisa, na hata angeulizwa, angewezaje kumwambia mgeni hapana mbele ya walezi wake wote? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kuvunjiwa heshima. Hakuna kifungu kinachosema ulinzi huo unakoma pale mtoto anapokuwa na njaa.

Baadhi ya kampuni hutuambia picha ni ushahidi kwa wanahisa na wakaguzi wa hesabu. Ushahidi wa msaada ni stakabadhi, hati ya makabidhiano na ripoti ya matumizi, na hivyo vyote tunavitoa tukiombwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inairuhusu kampuni kukata thamani ya michango yake kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Nafuu hiyo inatolewa kwa sababu ya mchango. Haihitaji uso wa mtoto.

Na inawezekana kampuni ikatoa, ikajulikana, bila kumvua mtoto stara yake. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiwapandisha watu Mlima Kilimanjaro kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU na Ukimwi; wanaopigwa picha ni wapandaji. Benki ya CRDB nayo ilianzisha mbio zake mwaka 2020, na sehemu ya fedha zake imesaidia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Wanaoonekana barabarani wakitoka jasho ni watu wazima waliojiandikisha wenyewe. Hiyo ni njia ya heshima, na jina la kampuni halikupungukiwa kitu.

Kuna madhara mengine ya picha hizi ambayo yanaigusa sera ya wizara yako moja kwa moja. Picha inataka sherehe, kwa hiyo misaada inafurika Desemba na mwezi wa Ramadhani, halafu Februari tunakopa unga dukani. Hakuna anayepiga picha luku, posho ya mpishi au dawa za kifafa za kila mwezi, kwa hiyo ni nadra mtu kutuletea vitu hivyo. Zaidi ya yote, picha inataka watoto wengi uani. Serikali inasema, na ni sawa kabisa, kwamba mahali pa mtoto ni kwenye familia: arudi kwa ndugu, au apate malezi ya kambo, na kituo kiwe kimbilio la mwisho. Kumrudisha mtoto kwa bibi yake Ukerewe kunahitaji nauli ya ofisa ustawi, mtaji mdogo wa bibi, sare na madaftari, na mtu wa kwenda kuwatazama mara kwa mara. Hayo yote ni nafuu kuliko kumlea kituoni miaka kumi. Lakini mtoto aliyerudi kwa bibi yake hana bango wala mgeni rasmi, na mfadhili wa safari hiyo ni vigumu kumpata. Kama faida ya kutoa haitakuwa tena picha ya uani, naamini kampuni nyingi zitakuwa tayari kusikiliza tukiwaeleza hitaji lenyewe.

Kwa hiyo waraka huo, Mheshimiwa, upitie kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii na uwe sehemu ya masharti ya leseni za vituo, ili mkuu wa kituo aweze kumwambia mfadhili, "Serikali imekataza," bila kuogopa kuukosa mchele. Uruhusu picha za mizigo, majengo, wafanyakazi wa kampuni na viongozi. Umpe aliyelelewa kituoni haki ya kudai picha zake za zamani ziondolewe, na uitaje Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuwa mahali pa kupeleka lalamiko pale kampuni inapokataa. Na uwabane viongozi wa Serikali wanaoalikwa kuwa wageni rasmi, kwa kuwa kamera huwafuata wao kwanza.

Msimu wa sikukuu ndio wenye wageni wengi kuliko wakati wowote wa mwaka. Ninaomba waraka uwafikie maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri zote kabla Desemba haijaingia.

Wako katika kulea,
Mlezi wa watoto, Mwanza