Kabla hujaamini laptopu, mulika puli

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nina jambo la taimingi, yaani ule wakati plagi inapopiga moto ndani ya injini, limenikaa kooni tangu msimu wa korosho uliopita na nikinyamaza naona kuna mwenzangu hapa Mtwara au Lindi injini yake itakufa kama ilivyokufa yangu.

Mimi nina Land Rover 109, Series III, ya petroli, silinda 4, cc 2286. Aliiacha marehemu baba. Hii gari imebeba korosho za Tandahimba, imelala foleni Rufiji ikisubiri pantoni miaka ile kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, kwahiyo kwangu ni mtu wa familia kabisa. Sasa mwaka jana nikachoka na platini, vile vibati ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa plagi. Hapa Mikindani hewa ya chumvi, leo unasugua msasa kesho inakumisi tena, nikashauriwa nitoe mambo ya distributa niweke kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo ya kuamuru moto, zipo hizi za kujifungia mwenyewe kwenye gari za zamani kama Megasquirt na Speeduino. Mbele kwenye puli ya krenki unafunga gurudumu la meno 36 ambalo limetolewa jino moja, pembeni sensa inahesabu meno yakipita, lile pengo likipita boksi linajua krenki imefika wapi na linaamuru koili ipige moto. Wazo ni zuri na mpaka leo nalitetea, boksi lenyewe halina kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye kuliseti. Fundi wangu (simtaji, sitaki kumharibia riziki) wayaringi alifunga safi sana, nyaya zote kwenye mipira, hata mimi nilifurahi. Ilipofika taimingi akawasha injini, akafungua laptopu, akachezea namba huku anasikiliza mpaka mlio ukanyooka, akanigeuzia kioo, "Mzee unaona, digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, imekaa." Nikamwambia ahsante bwana mdogo, nikalipa, nikaondoka. Taa ya taimingi, ile inayomweka kila plagi ya kwanza ikipiga moto ukaona alama ya puli imefika wapi, haikutoka kwenye boksi la spana, na mimi sikuiuliza.

Wiki ya pili nikapakia magunia Masasi, nikaanza kupanda mlima wa Newala. Mnaoupanda mnaujua ule. Gia ya pili, mafuta nimekanyaga, nikaanza kusikia kitu kama mtu anatikisa korosho kavu ndani ya kopo la maziwa. Nikadhani ni tapeti tu, zile kelele za valvu. Nikaendelea kukanyaga, jamani, nikaendelea kukanyaga mpaka juu kabisa. Nilipofungua plagi ya silinda ya tatu ile kauri nyeupe ilikuwa imerushiwa vichembe vidogo vidogo vinang'aa, nikavikwangua kwa ukucha havitoki, ile ni aluminiamu, yaani pistoni yangu inayeyuka inarukia plagi. Hedi ilipotoka tukakuta ukingo wa pistoni umeliwa na ringi ya juu imekatika vipande.

Aliyenifumbua macho ni babu mmoja fundi wa zamani wa Lindi. Hakugusa laptopu. Aliniuliza neno moja tu, "Mlimulika?"

Hapo ndipo watu wengi hatuelewi. Ile namba 10 kwenye kioo ni amri ambayo boksi linadhani limeitoa, haijapimwa popote. Boksi linahesabu kuanzia kwenye lile pengo, na ni wewe uliyeliambia pengo liko digrii ngapi kutoka pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa. Ukiliambia vibaya kwa digrii 6 basi kila kitu kinakwenda vibaya kwa digrii 6, kwenye sailensi (gari imesimama, mafuta hujakanyaga), kwenye mwendo, kwenye mlima, na kioo kitaendelea kukuonyesha 10 bila aibu. Na sikio nalo linadanganya, maana injini ukiivutia taimingi mbele kwenye sailensi mzunguko unapanda na mlio unakuwa mtamu, unaona umepatia kumbe ndio unaiua.

Nikafunga pistoni mpya, nikarudi kwa babu. Kwanza kwenye programu akatafuta sehemu ya kufunga taimingi, akaifunga kwenye 10 ili isichezecheze na mafuta wala mzunguko, akamulika puli. Taa ikasoma 16! Tena akasema hiyo 16 yenyewe haiamini, kile kidole cha bati kinachoonyesha alama mbele ya injini kimepinda. Akazima, akatoa terminali ya betri, akachomoa plagi ya kwanza akaweka plagi mbovu aliyoitoboa akachomelea bolti katikati. Akazungusha injini kwa mkono pole pole mpaka pistoni ikagusa bolti, akaweka alama kwenye puli kwa rangi ya kucha ya binti yangu. Akaizungusha kinyume mpaka ikagusa tena, alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndio juu ya kweli, hapana ubishi. (Usithubutu kufanya hivyo kwa stata, utatoboa pistoni.) Tukapima puli kwa futi ya fundi cherehani, mzingo milimita 432, ukigawa kwa 360 kila digrii ni milimita 1.2, na kidole kilikuwa kimekosea milimita 6. Digrii 5 hizo. Jumlisha na 6 za mwanzo, 11. Pale mlimani, ambapo mzunguko umepanda na boksi limeshasogeza taimingi mbele likidhani linatoa 28, injini yangu ilikuwa inapigwa moto kwenye 39, mafuta yanalipuka wakati pistoni bado inahangaika kupanda.

Mtu atasema digrii moja ni nini. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kwa sekunde, ukiikata sekunde vipande 18,000 kipande kimoja ndio digrii moja. Huko sikio la binadamu halifiki.

Akanyoosha kidole, akasahihisha ile pembe ya pengo kwenye programu mpaka taa na kioo vikasema 10 wote wawili. Halafu akaniambia piga resi mpaka 3000 huku bado anamulika, alama lazima itulie palepale, ikianza kutembea kadri mzunguko unavyopanda mara nyingi nyaya mbili za sensa zimegeuzwa. Yangu ilitulia. Akafungua taimingi, akahifadhi, ndio akaniruhusu kuendesha. Kingine, taa zile za kuzungusha namba nyuma zinachanganyikiwa kwenye koili za kuchoma plagi mbili kwa mpigo, ukikuta inasoma mara mbili rudisha namba sifuri usome alama za puli tu. Na wale waliobakiza distributa kwa ajili ya kugawa moto msiizungushe tena kama zamani, taimingi haibadiliki, mnapoteza tu mlingano wa rota inayozunguka ndani ya distributa na kofia yake, gari inaanza kumisi.

Naomba sana vijana mwe makini na feni. Ukiimulika ile taa, feni inaweza kuonekana imesimama kabisa, unaziona pangaboi zake moja moja zimetulia, mkono unatamani kupita. Inazunguka! Vua saa, kunja mikono ya shati.

Ombi langu kwa walimu wa magari wa VETA Mtwara na Lindi, mwanafunzi akifika kwenye taimingi mpeni taa mkononi na mkalisheni aitafute juu ya kweli kwa bolti, hata kama gari iliyopo ni ya kompyuta. Na wenye magari tukienda kuchukua gari gereji tuombe tumulikiwe tuone wenyewe kabla ya kulipa, ni dakika 10 tu.

Juzi nimeupanda tena Newala na magunia 20, gia ya pili, madirisha wazi nasikiliza. Kimya. Nimenunua taa yangu, ipo nyumbani, mwenye gari ya zamani aliyeweka boksi na hajamulikiwa aje tu Mikindani tuimulike, simdai kitu.

Mwenye Land Rover ya baba,
Mikindani, Mtwara