Kanda za maonyesho zisiachwe zioze

Mhariri,

Moto uliounguza Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi, mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi za sanaa zilizokusanywa na mchoraji Elimo Njau na wenzake tangu miaka ya 1960. Michoro yake ya ukutani katika kanisa la Murang'a ingalipo, lakini vilivyoungua Nairobi havirudi.

Nimeukumbuka moto ule kwa sababu hapa Dar es Salaam tunaunguza vyetu polepole, bila hata kiberiti. Wenye umri wangu mnakumbuka vikundi vya maonyesho vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), wakati kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu mpaka usiku wa manane. Ile ndiyo tamthilia yetu ya muziki. Michezo mingi haikuandikwa. Waigizaji waliibuni jukwaani, kwa hiyo kanda ikioza na mchezo umekwenda. Jirani yangu mmoja alikuwa na boksi zima la kanda hizo. Wajukuu wamezirekodia mahubiri! (Siwalaumu, hakuna aliyewaambia.)

Sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, tunaisikia leo kwa kuwa alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Kampuni ilitafuta faida, nasi tukapata urithi.

Naomba Nyaraka za Taifa na vyuo vyenye idara za sanaa watume vijana na vinasa sauti kwa wasanii hao wakongwe, pamoja na mashine ya kunakili kanda. Waanzie Temeke na Magomeni, mwaka huu.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam