Kubadili draiva ya JTAG (njia ya kompyuta kuisoma na kuikagua chipu ya bodi) ni dakika tano. Sasa elfu ishirini na tano ya nini?

Wiki iliyopita mteja wa duka letu alituandikia kwa hasira: umebonyeza kitufe kimoja, umenikata elfu ishirini na tano. Si wa kwanza. Kitufe ni kimoja kweli, hatubishi. Shida iko kwenye mstari uliouchagua, kwenye orodha ya vifaa, kabla ya kukibonyeza.

Chukua ESP-Prog, kifaa cha kuunganisha kompyuta na bodi za ESP32. Ndani yake mna chipu ya FT2232H, na kwenye Windows OpenOCD, programu ya kutumia JTAG, haiongei nayo mpaka utoe draiva ya FTDI, watengenezaji wa chipu hiyo, uweke WinUSB, draiva ya jumla ya Windows. Programu ya Zadig inafanya hivyo, na ni ya bure. Ila chipu ile ina milango miwili: Interface 0 ni JTAG, Interface 1 ni serial, na yote miwili inaonyesha namba ileile ya USB, 0403 na 6010. Unabadili 0, huigusi 1.

Kijana mmoja wa chuo alibadili yote miwili. JTAG ikakubali, poti ya COM, yaani ile serial, ikapotea. Akanunua waya mpya, akaflashi upya, wapi. Mwisho akaja dukani kutuuzia hiyo ESP-Prog kwa bei ya spea, eti imeungua. Tukaichomeka kwenye kompyuta yetu, COM hiyo hapo. Tungekuwa na roho mbaya tungeinunua.

Mwingine aliwasha List All Devices ndani ya Zadig, ikamwonyesha vifaa vyote, akabadili kila kilichokuwa na neno USB, kikiwemo kile kidude cha kibodi na mausi visivyo na waya. Alitubebea kompyuta nzima kwa bodaboda. Ilibidi tuchomeke kibodi ya waya ndipo tuingie Device Manager, tuondoe kimoja kimoja na kuweka tiki ya kufuta draiva. Bila ile tiki, ukichomoa na kuchomeka tena, WinUSB ileile inarudi. Kazi hiyo ilikula mchana mzima, na ndiyo bei iliyomuuma.

J-Link, kifaa cha JTAG cha kampuni ya SEGGER, tunauliza kwanza unaitumia na programu gani, maana ukiibadili kwa Zadig, programu za SEGGER zenyewe zinaweza kuacha kuiona. ST-Link, kifaa kama hicho cha kampuni ya ST, mara nyingi tunakurudisha bila kukutoza hata senti: draiva ya ST yenyewe ni WinUSB tayari, OpenOCD inaiona. Mwenye Linux naye hana la Zadig, ni faili moja la ruhusa za udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, tunamwekea huku chai inapoa.

Hiyo elfu ishirini na tano inahesabu kuandika pembeni jina la draiva iliyokuwepo kabla hatujagusa kitu, kubadili, kisha kusoma chipu kwa JTAG na kufungua serial mbele ya macho yako. Ukija, njoo na kifaa chenyewe, bodi yako na waya unaoutumia kila siku. Nusu ya waya tunazoletewa ni za kuchajia simu, data hazipitishi kabisa.