Gari la mbele halirudi kinyumenyume kwa breki

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva wa lori. Fizikia niliiacha shuleni na wala sikuililia. Ila lile swali la magari mawili kwenye ukurasa wenu wa mazoezi ya mitihani limenikalisha mezani na binti yangu hadi usiku, na jibu mlilochapa si sahihi.

Gari la mbele linakwenda mita 20 kwa sekunde, la nyuma mita 30, kati yao mita 55. Madereva wanafunga breki kwa pamoja, na kila sekunde kila gari linapungukiwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Mmejibu kwamba yatagongana baada ya sekunde 5.5. Mlivyofika hapo naona: breki ni sawa, la nyuma linalikaribia la mbele kwa mita 10 kila sekunde, basi 55 gawanya kwa 10. Binti yangu naye alipata hivyo hivyo, akalipigia jibu mistari miwili.

Nikamuuliza, hilo la mbele linasimama baada ya muda gani? Akagawanya 20 kwa 5: sekunde 4. Sasa hiyo sekunde moja na nusu iliyobaki linafanya nini? Kimya. Nikaweka viberiti viwili mezani, nikamwambia asogeze cha mbele kama fomula inavyotaka. Kikaenda, kikasimama, halafu akaanza kukirudisha nyuma, akacheka mwenyewe. Kwa hesabu yenu, wakati wa kugongana gari la mbele linarudi kinyumenyume kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa! Breki za namna hiyo sijakutana nazo, na magari mabovu nimeyaendesha mengi.

Fomula haijui kuwa gari limeshasimama, mpaka uiambie. Tafuteni kwanza kila moja linasimama wapi: kasi zidisha kwa kasi, gawanya kwa 10, ambayo ni ile 5 mara mbili. La mbele linatumia mita 40, la nyuma 90. Ongezeni zile 55 kwa la mbele: limesimama mita 95 kutoka pale la nyuma lilipoanzia. Zinabaki mita 5. Hayagusani.

Halafu hilo neno "kwa pamoja" limetungwa na mtu asiyeshika usukani. Wa nyuma anafunga breki akishaona taa nyekundu. Tulimchelewesha sekunde 1 tu, gari likala mita 30 kabla breki haijashika. Safari hii yaligongana kweli, sekunde 3.83 tangu la mbele lifunge breki, lenyewe likiwa bado linatambaa, na tofauti ya kasi ni mita 15 kwa sekunde. Swali hilo ndilo mngewapa watoto.

Naomba mlisahihishe katika toleo lijalo. Binti amekata ule ukurasa na kuubandika ukutani, na kila nikipita naiona ile 5.5.

Dereva na mzazi