Daftari la mpambe halisubiri 2029

Ndugu Mhariri,

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024, wa madiwani ukafuata 29 Oktoba 2025. Wengi hapa Dodoma wanadhani habari ya rushwa ya uchaguzi imelala hadi 2029. Naomba nafasi nilipinge hilo. Kura hainunuliwi wiki ya kampeni. Wiki hiyo humaliziwa tu malipo.

Mambo huanzia kwenye daftari. Mpambe wa mgombea hupita nyumba kwa nyumba na daftari la kawaida, kapiga safu tatu kwa rula: jina, namba ya kadi ya mpiga kura, namba ya simu. Akiulizwa, atasema ni la kikundi au la msaada. Namba ya kadi haimwonyeshi mtu ulimpigia nani, kwani karatasi ya kura haiandikwi jina lako. Kazi yake ni kukufanya uamini kwamba unajulikana. Ukishaamini hivyo, elfu tano inayoingia kwenye simu usiku wa kuamkia uchaguzi unaihesabu kuwa deni. Igawe kwa miezi 60 ya uongozi: shilingi 83 kwa mwezi.

Mtoaji naye ana hesabu yake. Tuseme kawapa watu 2,000 wa kata moja elfu tano tano; hapo ni milioni 10, bado fulana, pilau na mafuta ya bodaboda. Lazima zirudi, na mlango mpana kuliko yote ni mkopo wa asilimia 10.

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni ambayo hayajarejeshwa na vikundi hewa, ikairudisha 2024. Ugonjwa wenyewe uko hivi. Kikundi kinaundwa haraka haraka, wanachama hawaijui hata katiba yao, na mweka hazina ni yule yule mwenye daftari. Fedha zikitoka, wanaambiwa ni shukrani ya kura. Nani anarejesha shukrani? Mkopo huu ni wa kuzunguka, hivyo marejesho yakikwama, mama lishe wa Sabasaba aliyefuata masharti yote anaambiwa asubiri awamu nyingine, na hajui kwamba zamu yake imeliwa.

Vizimba vya soko navyo ni hivyo hivyo: jina kwenye orodha ni la mpambe, anayeuza nyanya ni mpangaji wake anayelipa zaidi ya kodi ya halmashauri. Hata barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ile ya dhamana au ya kufungua akaunti benki, hugeuzwa fadhila. Aliyeandikwa anagongewa muhuri papo hapo, asiyeandikwa anaambiwa njoo kesho.

Diwani hana fungu lake la lami. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, maji ya hapa mjini ni ya DUWASA, mamlaka ya maji, na hata Mfuko wa Jimbo wa mbunge ni fedha za Hazina. Anayeahidi kuvileta kwa mkono wake anawadanganya watu.

Wapo wanaosema kumlisha mgeni ni mila yetu. Hoja hiyo iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 kwa jina la takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vyake kwa kuwa vinakiuka Katiba. Ilifanya sawasawa. Mgeni wa kweli hukaribishwa chakula bila kuulizwa namba ya kadi.

Basi usitoe namba hiyo kwa mtu asiye mtumishi wa uandikishaji. Fedha ikiingia usiitumie, maana sheria inamkamata mtoaji na mpokeaji. Andika tarehe, saa, namba iliyotuma na nani aliona, kisha piga 113 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Wazee tuwalinde kwa namna ya pekee: anayehitaji kusaidiwa kupiga kura amchague mwenyewe mtu anayemwamini, asikubali "mjukuu" aliyeletwa na mpambe.

Kwa Halmashauri ya Jiji, ombi langu ni hili. Kila robo mwaka, kabla Baraza la Madiwani halijakaa, kila ofisi ya kata ibandike majina ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi kilichotolewa na kilichorejeshwa, pamoja na namba ya kila kizimba na jina la aliyepewa. Muuza nyanya asome mwenyewe kizimba chake kimeandikwa jina la nani. Kata ziko 41 na zote zina ukuta. Kinachotakiwa ni karatasi na gundi.

Mkazi wa Kizota,
Dodoma