Kwa mdogo wangu wa Mafinga: yule mzee wa Zangetsu hakuwa tapeli

Kamwene, mdogo wangu.

Juzi kwenye simu ulisema mjadala umekwisha. Kwamba yule mzee wa koti jeusi na miwani, aliyekaa moyoni mwa Ichigo Kurosaki, shujaa wa Bleach, miaka yote ile akijiita Zangetsu, jina la upanga wa Ichigo, ni tapeli, na kila alichomfundisha kilikuwa uongo. Ukakata simu kabla sijajibu, lori la mbao lilikuwa linakusubiri. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Hapa Mbeya vijana wengi wanaoifuatilia Bleach wanasema kama wewe, na mimi yule mzee nampenda mno kuweza kunyamaza.

Kwa wasomaji wengine niseme kidogo. Bleach ni manga ya Tite Kubo, iliyotoka Japani kila wiki tangu 2001 mpaka 2016, ikajaa vitabu 74. Anime yake ilianza 2004, ikasimama 2012, ikarudi Oktoba 2022. Ndani yake kuna Shinigami, wapiganaji wanaozisindikiza roho za wafu, na kila mmoja ana upanga uitwao zanpakuto. Upanga huo una nafsi na una jina. Mwenye nao hawezi kuufungua mpaka alisikie jina hilo kutoka kwa upanga wenyewe. Ndiyo maana mashabiki hawaachi kubuni nadharia: nafsi iliyomo humo ni nani, na inamtakia nini huyo aliyeushika?

Kwa Ichigo swali hili lilikuwa gumu tangu mwanzo. Wewe uliingia katikati, kwenye kibanda umiza cha pale mtaani, mwenye kutafsiri akipiga kelele juu ya sauti za wahusika, kwa hiyo vipande vya mwanzo vingi vilikupita. Nenda kaviangalie tena. Mzee anamtajia Ichigo jina lake na Ichigo halisikii. Midomo inacheza, jina halifiki. Halafu kuna ile dunia ya ndani, maghorofa yamelala ubavu chini ya anga la buluu, na mzee anasema anaichukia mvua. Kwamba Ichigo akiwa na wasiwasi mawingu yanatanda humo, akihuzunika mvua inanyesha. Mimi naandika haya Machi, mlima Loleza umefunikwa na wingu tangu asubuhi, na kila mwaka mvua za huku zikikaza namkumbuka kwa maneno yale. Anayesema hivyo ameishi ndani ya moyo wa mtoto na anajua hali ya hewa yake ya kila siku. Mtu aliyekuja kuiba hachungulii mawingu.

Kisha kuna yule mweupe, Hollow, yaani roho iliyopotoka ikawa jini, mwenye sura ya Ichigo. Alipojitokeza mara ya kwanza kwenye pambano na Byakuya, nahodha wa kikosi cha Shinigami, akaulizwa yeye ni nani, akajibu kwamba hana jina. Baadaye, wanapopigana ndani ya moyo na Ichigo anauliza Zangetsu yuko wapi, anajibu kwamba Zangetsu ni yeye. Wengi walidhani ni majigambo ya jini mbaya. Wachache waliyachukua maneno yale kama yalivyo, wakajenga nadharia kwamba upanga wa kweli ni yule mweupe na mzee ni kitu kingine. Yhwach, mfalme wa Quincy, wale wanadamu wanaowinda Hollow kwa mishale, alipotokea kwenye manga mwaka 2012, akiwa na sura inayofanana mno na ya mzee, nadharia ile ikapata nguvu. Mwaka uliofuata Kubo akaithibitisha, na kwenye anime tuliiona Desemba 2022.

Unayajua yaliyofunuliwa, nayataja kwa haraka. Masaki, mama yake Ichigo, alikuwa Quincy. Aliumwa na Hollow aliyetengenezwa na Aizen, Shinigami msaliti, naye Isshin, baba yake Ichigo, Shinigami, akatoa nguvu zake ili kumwokoa. Mtoto akazaliwa na vyote ndani yake. Yule Hollow akaungana na nguvu za Shinigami, na huyo ndiye zanpakuto hasa. Mzee ni nguvu za Quincy zilizovaa sura ya Yhwach wa miaka 1000 nyuma.

Kwa hiyo ndiyo, alidanganya. Alijitwalia jina la mwenzake, akazizuia nguvu zenyewe zisitoke zote, akampa Ichigo kiasi. Silipingi hata neno moja. Ninalolipinga ni hatua yako ya pili, kwamba kwa kuwa alificha, basi hakumpenda. Msikilize anavyoeleza sababu: hakutaka Ichigo awe Shinigami, maana angeumia, angeteseka, angejikuta kwenye vita visivyo na mwisho. Akajaribu kumweka mbali. Lakini kila Ichigo alipotaka kuwa na nguvu zaidi ili kuwalinda watu wake, mzee alishindwa kumnyima. Akawa anazuia huku anasaidia, miaka yote.

Mdogo wangu, wewe hasa ndiye ungepaswa kumwelewa. Baba alipoangukiwa na mti msituni wewe ulikuwa hujaanza shule. Baba mkubwa akatuambia msumeno wa baba ameuuza. Tukaamini. Ulipomaliza kidato cha nne ukaanza kwenda msituni kwa siri na vijana wa kazi, kwa vifaa vya kuazima, akapanda darini akashusha gunia, na ndani yake msumeno ulikuwa umepakwa mafuta, mzima. Alitudanganya miaka yote ile. Kisha akakaa na wewe kule mashambani, akakufundisha mwenyewe kusoma mti utaangukia upande gani kabla hujaugusa. Jina la baba alilibeba bila kuwa baba, na sijawahi kukusikia ukimwita tapeli. Juzi ulipolitamka neno hilo kirahisi juu ya yule mzee, niliumia kwa niaba ya wote wawili.

Kuna nadharia nyingine unayoipenda, kwamba mzee ni jicho la Yhwach, jasusi aliyepandwa ndani ya mtoto. Hii haisimami. Kumbuka mafunzo ya kabla ya vita na Aizen, Ichigo anapotaka ile Getsuga Tensho, pigo kuu la upanga wake, ya mwisho. Nafsi ya bankai, umbo la juu kabisa la upanga, inatokea ikiwa kijana, mzee na mweupe wakiwa wameungana ndani yake, na inakataa kumfundisha. Inamwambia kwamba anachotaka kukilinda Ichigo sicho inachotaka kukilinda yenyewe. Ichigo anapoacha kupigana na kuupokea upanga mwilini, hasikii maumivu, anahisi huzuni ya aliyemchoma. Hapo ndipo nafsi ile inasema ilichotaka kukilinda ni yeye, Ichigo. Kutumia mbinu ile kulimaanisha kupoteza nguvu zote za Shinigami, na wao walio ndani yake kutoweka pamoja nazo. Jasusi gani analia kwa ajili ya hilo? Na kwa faida ya nani, wakati Yhwach mwenyewe hajatajwa popote bado?

Sasa nikupeleke kwa Kenpachi Zaraki, maana nadhani ndiye anayetufundisha namna ya kuwasoma hawa wote. Kenpachi alikuwa nahodha asiyejua jina la upanga wake. Akipigana na Ichigo anauona upanga kuwa chuma cha kukatia tu, umechakaa makali na hajali. Baada ya pambano lile, akiwa hoi, anauuliza upanga jina lake, wala hasikii kitu. Na muda wote huo begani kwake ameng'ang'ania mtoto mdogo mwenye nywele za waridi, Yachiru, aliyemwokota akiwa mchanga na kumpa jina la mtu aliyemstahi kuliko wote. Mashabiki walitilia shaka mapema: kwa nini mtoto huyu haachani naye, kwa nini ndiye pekee asiyemwogopa? Nadharia ikawa kwamba Yachiru ni upanga. Kwenye vita vya mwisho Kenpachi anazidiwa, Yachiru anamjia, anamfundisha kuutumia upanga ipasavyo, na bankai inafunguka. Mtoto mwenyewe hayupo tena, zimebaki nguo zake.

Nilipofika hapo sikuendelea na kurasa zilizofuata siku ile. Mtu amembeba upanga wake mgongoni kama mtoto, amemlisha, amemkaripia, amemwacha alale, akidhani hana uhusiano wowote na upanga. Kwa Kenpachi mtu ndiye aliyeulea upanga. Kwa Ichigo upanga, au nusu yake, ndio uliomlea mtu. Ukiuliza nini nadharia yangu mimi, ni hiyo. Kubo haandiki juu ya silaha na mmiliki wake. Anaandika juu ya malezi, na mlezi anaweza kuficha, kukosea, kuogopa, akabaki mlezi.

Usiniambie tena kwamba huo ni ushabiki tu, chuma ni chuma. Tumezaliwa nyanda ambazo chuma hakikuchukuliwa hivyo. Mbele ya hapa, Ufipa, wazee walijenga matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kumpita mtu, kama mita 3, yanayojivutia upepo wenyewe bila mtu kupuliza mivukuto. Tanuri jipya lilipambwa kama bibi harusi, dawa zikawekwa ndani yake, na kilichotoka humo kilihesabiwa kuwa kimezaliwa. Mengi yalikuwa majembe, si panga. Baadhi ya matanuri yale bado yamesimama mashambani huko. Unamkumbuka Oetsu Nimaiya, yule fundi wa Kikosi Sifuri anayetengeneza panga tupu za Shinigami wote kabla hazijapata majina? Yeye anamkatalia Ichigo mwanzoni, anamrudisha nyumbani akajue amezaliwa na nani, ndipo anamfulia. Fundi wa Kifipa angelielewa sharti hilo bila kufafanuliwa.

Na kinachofuata ndicho ninachompendea Ichigo. Anajua sasa ukweli wote. Mzee yuko tayari kuondoka, ampishe mwenzake. Ichigo hamfukuzi wala hamhukumu. Hamwombi nguvu, hamwambii wapigane pamoja, anasema atapigana mwenyewe, na kwamba wao ni yeye. Upanga unagawanyika unakuwa miwili, mkubwa na mfupi, na ule mfupi ni wa mzee. Kama mwenye moyo wake ameamua wote wawili ni Zangetsu, mimi na wewe tunapata wapi mamlaka ya kumvua mmoja jina?

Kama unasubiri anime imalizike na hujasoma manga, ruka aya hii. Kwenye pigo la mwisho dhidi ya Yhwach, bankai ya Ichigo inavunjika, na chini ya vipande unatokea upanga ule wa zamani, ule mpana usio na kishikio cha kawaida, umbo aliloligundua chini ya malezi ya mzee. Huo ndio unaomkata Yhwach. Kubo hakueleza kwa nini. Wapo wanaosema ni kumbukumbu ya mwandishi kwa mwanzo wa hadithi. Mimi naamini ni mzee. Nguvu iliyovaa sura ya Yhwach ilikuwa na kila sababu ya kuwa upande wake, na saa ile ya mwisho ikatoka ikiwa na umbo lile alilolijua mtoto.

Kuna jambo moja ambalo nadharia yangu hailifungi vizuri, na nalileta kwako kwa sababu una jicho kali. Jina la Getsuga Tensho Ichigo alifundishwa na mzee. Lakini Getsuga ni nguvu ya yule mweupe, ya zanpakuto halisi. Quincy alilijuaje? Mimi nadhani walikuwa wanaongea, wale wawili, humo ndani, muda mrefu kabla Ichigo hajajua kwamba wapo, na kwamba mweupe alimruhusu mzee alitumie jina lake. Ukipitia tena vipande vya mafunzo ya bankai kule chini ya kilima cha Sokyoku, angalia mweupe yuko wapi kila mzee anapotokea, uniambie umeona nini. Pasaka nitapanda basi la asubuhi nije, na manga nitakuja nayo kwenye simu, kuanzia sura za 530 hivi. Msalimie baba mkubwa, mwambie shikamoo yake iko njiani.

Dada yako,
Mbeya