Kikao cha Jumamosi
Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kikao chetu kitafanyika Jumamosi hii saa 10 alasiri, nyumbani kwa mweka hazina, Nkuhungu, na mchango ni shilingi 10,000 kama kawaida.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuta kipeperushi cha mahubiri ndani ya daftari lake la hisa, akakirudisha mezani bila neno, na tangu siku hiyo hajaonekana. Jambo hilo limeniuma, ingawa mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kutangaza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Kwa hiyo tutafungua kikao kwa dakika moja ya ukimya, kila mmoja akiomba kwa namna yake.

Tafadhali thibitisheni kuhudhuria kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.